Paris, Copenhagen, Oslo au Dar: kanuni ipi ya vyombo vya kukodi itaufaa mji wetu wa Unguja?

Kuna kichochoro nyuma ya soko la Darajani ambacho nikitanua mikono, vidole vinagusa kuta zote mbili. Juzi alasiri nilikwama humo baina ya gari la hamali lililojaa magunia ya vitunguu na Vespa iliyobeba mtungi wa gesi. Hamali anapiga "Pisha! Pisha!", mwenye Vespa hana pa kurudi, na nyuma yangu wageni wawili wenye masanduku ya magurudumu wanaizungusha simu wakitafuta njia ya hoteli. Hatukugombana. Mwenye Vespa alizima moto, akakibana chombo kwenye baraza ya nyumba ya watu, bibi mwenye nyumba akatoa kichwa dirishani akasema "taratibu na rangi yangu", hamali akapita, kisha tukapita sisi.

Habari hiyo niliifikisha Jaws Corner, kile kijiwe chetu cha Mji Mkongwe, kwenye kahawa. Mmoja akauliza: zikija zile skuta za umeme za kukodi zinazoonekana Ulaya, zitaegeshwa wapi? Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Wewe mwanangu ndiye unayeshinda kwenye simu. Wenzetu wamefanyaje? Na sisi tukiambiwa tuchague, tuchague lipi?" Nikamwambia, mzee wangu, nipe siku mbili. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza tukubaliane majina, maana kwetu ukisema skuta mtu anaiona Vespa. Ninayoisema hapa ni ile ya kusimamia: kibao chenye magurudumu mawili madogo na mpini mrefu, unakifungua kwa simu, unalipa kwa dakika, ukifika unashuka na kukiacha hapo hapo. Hiyo ni biashara moja. Biashara ya pili ni kuita teksi, bajaji au bodaboda kwa programu ya simu. Wanaoandika juu ya usafiri wa kushirikiana huzitia zote kapu moja, na mimi naona hapo ndipo miji mingi inapoanza kupotea. Skuta ya kusimamia haina dereva. Shida yake ni pale ilipoachwa. Bodaboda ya simu ina dereva mwenye watoto nyumbani, na shida yake ni nani anakula kiasi gani katika nauli. Ya kwanza ni ugomvi wa nafasi, ya pili ni ugomvi wa fedha. Kwa hiyo nitazilinganisha mbali mbali.

Paris na Copenhagen

Paris ndiyo inayotajwa sana kwa sababu ilifukuza. Skuta ziliingia 2018 bila ya utaratibu, makampuni yakamiminika, barabara za waendao kwa miguu zikajaa. Mwaka 2020 mji ukaitisha zabuni na kubakisha makampuni matatu tu, Lime, Dott na Tier, kila moja skuta 5,000, jumla 15,000. Mwendo ukawekewa kikomo cha kilomita 20 kwa saa, na katika maeneo mengi ukashushwa mpaka 10. Sehemu za kuegesha zikachorwa chini kwa rangi. Juni 2021 mwanamke aliyekuwa akitembea kando ya mto Seine aligongwa na skuta iliyopakia watu wawili, akafariki, na hasira zikapanda. Tarehe 2 Aprili 2023 wakaazi wakapiga kura: asilimia 89 ya waliojitokeza walisema ziondoke. Waliojitokeza wenyewe hawakufika asilimia 8 ya walioandikishwa, lakini kura ni kura. Mwisho wa Agosti mwaka huo skuta za kukodi zikawa zimeondoka.

Kilichomchekesha mzee ni kwamba skuta ya mtu binafsi haikukatazwa. "Yaani wamefukuza ya kukodi wakaiacha ya mwenye nayo?" Ndiyo, na mimi siioni ajabu. Baiskeli yako unaifunga kwenye nondo za dirisha lako, usiku unaiingiza ndani. Ya kukodi unaiangusha mbele ya mlango wa jirani kwa sababu huna haja nayo tena. Chombo ni kile kile. Wa Paris walichoka na kutelekezwa.

Ila kabla hatujasema tuige, tukumbuke Paris ina treni chini ya ardhi. Aliyenyang'anywa skuta anateremka ngazi na safari inaendelea. Kwetu daladala inakushusha Darajani au Kijangwani, na kutoka hapo mpaka Shangani ni miguu yako, jua kichwani.

Copenhagen ilipita njia nyengine. Mwaka 2020 iliziondoa skuta za kukodi katikati ya mji, mwaka uliofuata ikazirudisha kwa sharti moja kubwa: katikati ya mji unaruhusiwa kupita, lakini huanzi safari humo wala humalizi humo. Mwenye kufika ukingoni anaiegesha nje, anaingia kwa miguu. Juu ya hayo, kuanzia Januari 2022 Denmark nzima ikalazimisha helmeti kwa kila apandaye skuta ya umeme.

Ukiziweka mbili hizi ubavu kwa ubavu, tofauti yake ni kwamba Paris ilikiondoa chombo na Copenhagen ikalinda mahali. Kwa mji kama wetu, wenye sehemu moja kongwe iliyobanana na Ng'ambo yenye barabara pana, sina haja ya kufikiri sana. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mpaka wake hauhitaji ramani: kila mtoto wa mjini anajua pale ulipokuwa mkono wa bahari uliotenganisha mji na Ng'ambo, na leo ipo barabara. Skuta ziishie barabarani pale, Darajani, Malindi na Mnazi Mmoja, zisilale ndani.

Lakini kanuni ya Copenhagen ina tundu moja kwetu, na ni la kiufundi. Huko sharti linatekelezwa na programu yenyewe: ukijaribu kumaliza safari ndani ya eneo lililokatazwa, simu inakataa na hesabu ya dakika inaendelea kukimbia. Hiyo inategemea satelaiti kujua uko wapi. Sasa nenda Kiponda, simama baina ya nyumba mbili za ghorofa tatu, ufungue ramani. Mimi simu yangu imewahi kunionesha niko baharini. Mawimbi yanagonga kuta ndefu na kurudi, kipimo kinakosea mita nyingi. Kwa hiyo ukichora mpaka ndani ya vichochoro umejidanganya. Mtu ataegesha mlangoni pa skuli na programu itadhani yuko njia kuu. Mpaka uchorwe nje kabisa, na chombo kikubali kufungwa kwenye vituo vilivyowekwa alama tu. Hapo huhitaji satelaiti kuwa hodari, unahitaji kujua kama kimefika kituoni au hakikufika.

Na kuna ardhi yenyewe. Gurudumu la skuta hizi ni kama inchi 8 mpaka 10. Vespa inaruka jiwe na mfereji wa maji. Kile kibao kitakuangusha uso. Wakati wa masika, sijui kama kuna atakayethubutu.

Oslo: kuhesabu

Oslo ilichagua idadi. Kiangazi cha 2021 mji ulikuwa na zaidi ya skuta 20,000, baraza la mji likazishusha mpaka 8,000 na kuzifunga usiku, saa tano mpaka saa kumi na moja alfajiri, baada ya hospitali kuona majeruhi wengi ni wa usiku, watu wakitoka kunywa.

Idadi ni kanuni rahisi kuandika, na hata askari wa manispaa anaweza kuihakikisha kwa kalamu na daftari. Mimi naipenda kwa hilo. Ila kufunga usiku kwa saa za Oslo hakutufai hata kidogo. Saa tano ya usiku wa Ramadhani hapa ndiyo kwanza watu wametoka tarawehe, Forodhani imejaa, Michenzani watoto bado wako nje. Anayeiga saa bila ya kuangalia watu wake wanalala saa ngapi atapata kanuni inayovunjwa kila usiku na kila mtu, pamoja na aliyeiandika.

Singapore naitaja kwa mkato. Tarehe 5 Novemba 2019 ilikataza skuta za umeme kwenye njia za waendao kwa miguu, siku moja tu baada ya kutangaza, na waliolia zaidi hawakuwa wapita njia wala wapandaji wa starehe bali vijana wanaopeleka vyakula majumbani. Serikali ikalazimika kutafuta fedha, dola milioni 7 za kule, kuwasaidia wabadilishe chombo. Mwenye kupanga kukataza kitu aulize kwanza nani anakitumia kupata riziki.

Lagos: marufuku ya bodaboda

Hapa tunaingia biashara ya pili. Februari 2020 Lagos iliziondoa pikipiki za abiria na bajaji katika sehemu kubwa ya mji, zikiwemo zile zinazoitwa kwa programu zenye helmeti, mafunzo na kumbukumbu ya kila safari. Kampuni kama Gokada ikahamia kubeba mizigo. Mwaka 2022 marufuku ikatangazwa tena, na ukiona jambo linakatazwa mara mbili ujue la kwanza halikushika.

Kosa lao, kwa macho yangu, ni kwamba walimwondoa yule anayeonekana. Bodaboda ya programu ina jina, ina namba, ina njia iliyohifadhiwa. Ya kichochoroni haina. Ukizikataza zote, ile yenye jina ndiyo inayotii na kuondoka, isiyo na jina inabaki. Nisingeichagua hii hata nikilazimishwa.

Dar na Nairobi: asilimia

Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu kwenye kahawa, kwa sababu pale pale pana kijiwe cha bodaboda na vijana wakasogea.

LATRA ni mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Bara. Vyombo vyetu vya barabarani vinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi. Lakini yaliyotokea Dar tunayajua, ndugu zetu wako huko. Mwaka 2022 LATRA ilipanga nauli na kuishusha kamisheni ambayo programu inamkata dereva mpaka asilimia 15, wakati hapo kabla ilikuwa ikifika 33. Madereva walishangilia. Aprili mwaka huo huo Uber ikasimamisha huduma nchini, na Agosti Bolt ikabakia kuhudumia wateja wa makampuni tu. Mwisho wa mwaka LATRA ikalegeza: kamisheni asilimia 25, na ada ya kuagiza isiyozidi asilimia 3. Januari 2023 Uber ikarudi. Kenya nayo, mwaka huo huo wa 2022, iliweka kwenye kanuni kwamba kamisheni isizidi asilimia 18.

Asilimia zinasomeka kama mambo ya ofisini mpaka uzigeuze shilingi. Kijana mmoja wa kijiweni, ambaye hufanya kazi na programu fulani nisiyoitaja, alitoa simu yake tukapiga hesabu juu ya tangi la pikipiki. Tuseme safari kumi kwa siku, kila moja 4,000. Hiyo ni 40,000. Hesabu ya tajiri mwenye chombo tuseme 10,000. Mafuta tuseme 8,000. Kamisheni ikiwa 33, programu inachukua 13,200 na yeye anabaki na 8,800. Ikiwa 25, anabaki na 12,000. Ikiwa 18 kama Kenya, 14,800. Ikiwa 15, 16,000. Yaani baina ya kamisheni ya juu na ya chini kipato chake kinakaribia mara mbili, na hakuna abiria aliyeongeza hata senti.

"Ndiyo maana," akasema, "abiria akipanda namwambia kaka, ifute safari, nilipe mkononi."

Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu hilo sikulisoma popote. Kamisheni ikiwa kubwa, dereva na abiria wanakubaliana kuitoka programu. Safari inafanyika ile ile, lakini haipo tena kwenye kumbukumbu. Dada akipoteza begi lake, au likitokea baya kuliko hilo, hakuna wa kumuuliza. Mji uliodhani unasimamia usafiri kupitia programu unabaki unasimamia zile safari chache ambazo dereva hakuwahi kumshawishi abiria. Na kamisheni ikiwa ndogo mno, kampuni inafunga ofisi kama Dar, na kumbukumbu inapotea yote kwa pamoja.

Kwa hiyo baina ya Dar ya Aprili 2022, Dar ya Januari 2023, na Nairobi, mimi ningeanzia karibu na Nairobi, na ningeanza kwa kuwaita kampuni na madereva mezani kabla ya kutangaza, si baada. LATRA ilifika 25 baada ya miezi minane ya watu kukosa huduma. Hiyo miezi minane ingeweza kuwa miezi miwili ya vikao.

New York ilikwenda upande wa pili kabisa. Haikugusa asilimia, iliweka sakafu ya kipato. Kuanzia Februari 2019 kampuni zilitakiwa kuhakikisha dereva anapata si chini ya dola 17.22 kwa saa baada ya gharama zake, na tangu Agosti 2018 mji ulikuwa umesitisha kutoa leseni mpya za magari hayo. Ni fikra nzuri kuliko asilimia, kwa sababu asilimia ndogo ya nauli ndogo bado ni njaa. Lakini ili ujue kipato cha saa lazima kampuni ikukabidhi taarifa za kila safari na kila dakika ya kusubiri, na uwe na mtu wa kuzisoma. Tukianza leo hatuna mtu huyo. Ningeliandika sharti la taarifa kwenye leseni tangu siku ya kwanza, hata kama mwaka wa mwanzo hazitasomwa vizuri.

Kigali inafaa kutajwa kwa wanaodhani kifaa kinamaliza ugomvi. Walilazimisha mita za kidijitali kwenye pikipiki za abiria ili nauli isibishaniwe, na Januari 2022 madereva wakaingia barabarani kulalamikia makato na gharama. Nauli haikubishaniwa tena na abiria; ikabishaniwa na serikali.

Sasa uchague lipi?

Inategemea umekaa kiti gani.

Kama wewe ni diwani wa wadi za Mji Mkongwe, chukua ya Copenhagen na uongeze vituo vya lazima ukingoni. Usichukue ya Paris. Kukataza kitu ambacho bado hakijaja ni rahisi, lakini utakuwa umekataza pia baiskeli za umeme za kukodi ambazo kesho utazihitaji kuwatoa watu wa Kisauni na Fuoni kwenye foleni. Kama unasimamia Ng'ambo, Amani, Mwanakwerekwe, chukua idadi ya Oslo bila ya saa zake za usiku, anza na vyombo vichache mno, uongeze kila baada ya masika ukishaona vimestahimili.

Kama una nyumba ya wageni, swali lako ni dogo zaidi: mgeni wako anashuka uwanja wa ndege akiwa na simu, anataka bei ijulikane kabla hajapanda. Hapo nauli iliyopangwa kama ya LATRA inakusaidia wewe kuliko inavyomsaidia dereva. Dereva wa teksi aliyekaa foleni uwanjani tangu alfajiri hatafurahi, na ana haki yake. Leseni ya programu imtake na yeye aingizwe kwenye orodha bila ya ada ya kujiunga.

Kama wewe ni dereva, usisikilize asilimia peke yake. Uliza nani anayelipa bima, nani anayekufungia simu yako ukilalamikiwa, na una siku ngapi za kujitetea. Kijana wa kijiweni aliwahi kufungiwa siku tatu kwa malalamiko ambayo hakuambiwa ni yapi. Siku tatu ni 30,000 ya tajiri, na tajiri hataki hadithi.

Pemba nitasema kidogo tu. Chake Chake imejengwa juu ya vilima, na vile vibao vya inchi 8 kwenye mteremko ni kutafuta kaburi. Huko suala ni bodaboda, na ni suala la kamisheni kama lilivyo hapa.

Mzee alisikiliza yote, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mji hata mmoja niliousoma uliolianzia. "Umeme ukikatika?" Wenye umri wanakumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, kisiwa kizima kikarudi kwenye taa za chemni na jenereta. Skuta 500 zisizo na chaji barabarani ni vyuma 500 vya kujikwaa. Mkataba lazima useme ziondolewe ndani ya saa ngapi, na kampuni ikichelewa, nani ataziondoa kwa gharama yake.

"Manispaa," mmoja akasema. Watu wakacheka.

Hamali wa vitunguu, ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni kwenye gari lake tupu anakunywa kahawa yake ya pili, akanyanyua mkono. "Nileteeni mimi. Elfu mbili kwa kila kimoja, na mkataba niutie saini hapa hapa."